Flashi Shingoni mwa Mkwe

Mimi wivu ninao, nisiseme uongo. Nimezaliwa nao kama wengine wanavyozaliwa na mwanya. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba nikienda kuteka maji namwonea wivu hata mwenye ndoo yenye mfuniko. Lakini huo wa zamani ulikuwa wivu wa mchezo. Wivu wenyewe nimeuonja uzeeni, dukani kwa mjukuu wangu hapa Newala, na kilichoniletea ni kidude chekundu, ukubwa wake kama kidole gumba, kilichokuwa kinaning'inia shingoni mwa mkwe wangu.

Mjukuu wangu ni binti wa mwanangu wa kiume. Ana duka la stesheneri si mbali na stendi. Mle ndani kuna mashine ya fotokopi, printa, na kompyuta moja ya mezani iliyofunikwa kitambaa nilichokishona mimi. Watu wanakuja kuchapisha barua za kuomba kazi, kadi za mialiko, fomu za shule. Wengine hawataki kuchapiwa, wanakaa wenyewe kwenye mashine wanabonyeza. Kazi yangu mimi ni kufagia, kupanga karatasi, na kuongea na watu. Usidharau hiyo ya kuongea. Umeme ukikatika, mteja ameshashika mlango aondoke, naanza kumsimulia fisi alivyokwenda kuposa kwa nyani, mtu anakaa. Umeme unarudi hata hajajua. Mjukuu mwenyewe ananiambia, "Mke mwenzangu, wewe ndiye jenereta langu." Ananiita mke mwenzake kwa ajili ya babu yake. Ndiyo utani wetu na wajukuu, eti tuligombea mume mmoja.

Nimemlea mimi huyo. Mama yake alipata kazi mbali, akaniachia mtoto hajaota meno. Maji ya kumwogeshea niliyapandisha kutoka bondeni kwa kichwa changu hiki, enzi hizo bomba tunalisikia redioni. Lakini huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Ukimlea mtoto wa binti yako, umelea wako. Ukimlea mtoto wa mwanao wa kiume, umelea mgeni. Siku moja wenyewe wanakuja na wewe unabaki umeshika ndoo. Hilo nalijua tangu siku ya kwanza. Kulijua hakupunguzi kitu.

Basi mwaka jana mjukuu akapata ujauzito, na miezi ilipokuwa mikubwa miguu ikamvimba kama mihogo iliyolowekwa. Kliniki wakamwambia apumzike, asikae kitini kutwa nzima. Mume wake kazini kwake ni safari na safari. Nani akae kwenye kompyuta? Nikasema moyoni, nipo. Kweli sijui kuchapa, lakini vitu viwili alishanifundisha, kukopi na kupesti. Kidole kimoja unakiweka kwenye kitufe cha pembeni kule chini, kingine kwenye herufi, tayari. Na herufi nazijua, nilisoma kisomo cha watu wazima mpaka mwalimu alipohamishwa. Nasoma polepole, lakini nafika.

Mara nasikia bibi yake wa Lulindi anakuja. Mama yake mama. Mwenye mtoto.

Akateremka na begi moja, mwavuli, miwani imefungwa kamba shingoni. Tukasimama mlangoni tunaangaliana. Tatizo likaanzia hapo hapo: nani amwamkie mwenzake? Sote wazee, sote mvi. Mimi nikasema, "Karibu, mkwe." Akasema, "Asante, mkwe." Akatazama mwavuli wake, mimi nikatazama kuku. Mwishowe akasema kwa upole, "Mimi cheti changu cha ubatizo kina tarehe ya kuzaliwa. Cha kwako kinasemaje?" Mimi sina cheti cha kitu chochote, nilizaliwa mavuno ya mtama, basi. Nikaitoa shikamoo kama mtu anang'olewa jino.

"Marahaba, mkwe," akasema. Akaingia ndani.

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi sikupona. Kumbe mwenzangu ujanani alikuwa mpiga taipu ofisini huko misheni, ile mashine ya chuma ya kugonga ka-ka-ka. Alipokaa kwenye kiti cha mjukuu, mgongo umenyooka, akaweka vidole vyote kumi juu ya kibodi bila kuvitazama, hata mimi roho ilisimama. Siku mbili akaijua kompyuta. Wateja wakaanza, "Mama, naomba unichapie." Mama! Mimi bibi, yeye mama.

Hayo ningeyameza. Sikuweza kuimeza ile flashi.

Ilikuwa asubuhi. Mjukuu alimwita chumbani kwake, nyuma ya duka, wakafunga mlango. Mimi nikabaki nafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Alipotoka ana kile kidude chekundu kwenye kamba ile ile ya miwani.

"Nini hicho, mkwe?"

"Flashi."

"Ina nini?"

"Neno la siri."

"Neno gani?"

"Mkwe, lingekuwa la kuambiana lisingeitwa la siri."

Nikaenda moja kwa moja kwa mjukuu, amelala miguu juu ya mto. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, mimi nimekukosea nini?"

Akacheka. "Hujanikosea, bibi. Ni neno la kufungulia imeili ya duka. Watu wananitumia mambo yao humo. Vyeti, barua za mahakamani, walimu wananitumia mitihani. Kila tukimaliza tunafunga, kwa sababu wateja wanakaa kwenye mashine hiyo hiyo. Na neno lenyewe refu, fujo ya herufi na namba, hakuna wa kulishika kichwani. Ndiyo nikaliweka kwenye flashi."

"Nipe mimi nilishike. Hadithi ngapi ninazo humu kichwani?"

"Ndiyo hilo sasa, bibi. Wewe kitu ukikipata unakisimulia."

Alisema kwa utani na mimi nilicheka. Lakini nilitoka mle chumbani sioni ninapokanyaga. Mimi! Mimi ninayewafunda wanawali unyagoni, mambo ya ndani mle nimeyabeba miaka yote, hajatokea mwanamume aliyeyasikia kinywani mwangu, hata marehemu alijaribu akachoka. Leo naambiwa kinywa changu hakina mlango. Na aliyeaminiwa ni wa kuja jana na mwavuli.

Tangu siku hiyo nikawa namwangalia. Nilikuwa nafagia miguuni kwake kila anapofungua imeili. Anachomeka flashi, anafungua, anaweka rangi juu ya lile neno, anakopi, anakwenda mahali pake anapesti. Linatokea kama vitone tu, huoni kitu. Halafu anachomoa flashi, anairudisha kifuani, anaipigapiga mara mbili kama mtu aliyemlaza mtoto.

"Imetoka," anasema.

Siku moja nikamuuliza, kweli nilitaka kujua. "Mkwe, hayo maneno ukishayakopi, kabla hujayapesti, yanakaa wapi?"

"Hayakai popote."

"Mzigo ukiutua kichwani, una mahali umeuweka."

"Hiyo mizigo, mkwe. Mimi nimepiga taipu miaka na miaka. Ukishatoa karatasi, mashine inabaki tupu. Ukiichungulia utaona chuma."

"Na hii nayo ni chuma?"

"Nenda kafagie kule, vumbi linaniingia."

Nikaenda kufagia kule. Wala sikuamini. Mimi sijasoma, lakini najua kitu kilichoingia mahali hakitoki kwa sababu mlango umefungwa.

Sasa sikia. Kama saa tano asubuhi, watu watatu dukani. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi amekaa mwenyewe kwenye kompyuta anaandika tangazo la mkutano wa wazazi. Dereva wa bodaboda anasubiri fomu yake itolewe kopi. Mama mmoja wa Chiungutwa na kadi ya kliniki ya mtoto. Mkwe alikuwa ametoka tu kufungua imeili, amemaliza, amefunga, "imetoka," akampisha mwalimu, akaenda uani kutazama kisamvu cha mjukuu jikoni.

Mwalimu akahangaika, kisha akaniita. "Bibi, nimekopi jina la shule hapa, nataka lije na huku chini. Nafanyaje?"

Wangu wee! Nani ameulizwa? Mimi! Nikaweka ufagio. Nikajifuta vidole kwenye kanga. Nikamwambia, "Sogea mwanangu, hii ndiyo kazi yangu." Kidole kimoja pembeni, kidole kingine kwenye herufi yake. Nikabonyeza.

Kumbe mwalimu alidhani amekopi, hakukopi kitu. Jina la shule halikuja. Likaja dudu refu, M kubwa, tatu, k ndogo, halafu ile alama kama konokono amejikunja, na mengine nyuma yake. Mwalimu akasema, "Hiki nini tena?"

Mimi nilikijua palepale. Fujo ya herufi na namba! Nilihisi damu inapanda masikioni kwa furaha. Neno la siri lile, limekaa kwenye tangazo la mkutano wa wazazi, na flashi iko uani inapika kisamvu! Nikasema, "Wewe! Si nilisema? Si nilisema lina mahali linakaa?" Nikainama karibu na kioo, nikaanza kulisoma kwa sauti, moja moja, kama siku ile nilipomsomea mwalimu wa kisomo ubaoni. "M kubwa! Tatu! K ndogo! Konokono! Sifuri!"

"Bibi, hiyo si sifuri," bodaboda akaninyoosha kutoka kwenye benchi, "hiyo ni O."

"O!" nikasema. "Asante baba. O! Saba! T!"

Mama wa Chiungutwa akawa anacheka na kunipigia makofi. Nikalimaliza lote mpaka mkia. Nilikuwa sijawahi kusoma kitu kirefu hivyo bila kupumzika.

Mkwe akatokea mlango wa nyuma na mwiko mkononi. "Mkwe, unafanya nini?"

"Nakusomea neno lako la siri, mkwe! Ulilisahau humu!"

Akaukamata mlango. Miwani ikamtoka puani, ikaning'inia karibu na flashi. Na nyuma yake nikamwona mjukuu, kanga begani, mkono kiunoni, ametoka kitandani kwa kelele zangu. Hakuwa anacheka.

"Bibi," akasema polepole, "umelisoma lote?"

Hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu mwenyewe iliyokuwa inasoma. Nikatazama watu watatu wale. Bodaboda akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Lote," nikasema.

Mjukuu akawaomba wateja wasubiri nje kidogo. Akakaa kwenye kiti kwa shida, akabonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na kile cha kupesti. Ikateremka orodha upande mmoja wa kioo. Jamani! Kila kilichokopiwa tangu asubuhi kimejipanga mle, kimoja juu ya kingine. Namba ya simu ya mtu. Barua ya mtu kuomba ruhusa ya msiba. Maswali ya mtihani wa hesabu, ndugu yangu, na majibu yake. Lile neno la konokono mara tatu. Mteja yeyote aliyekaa pale angeweza kubonyeza vile akayaona.

"Nilikiwasha mimi hiki," mjukuu akasema. "Kinanirahisishia kazi nikiwa na barua nyingi. Nikakisahau."

Mkwe alikuwa anasema chini chini, "Lakini niliitoa. Niliitoa." Amekamata flashi kwa mikono miwili.

Mimi, badala ya kunyamaza, nikaendelea kusoma ile orodha. Ndiyo tabia. Katikati palikuwa na kipande cha barua, mistari kama minne. Mkwe alikuwa anamwandikia mdogo wake wa Lulindi, na kipande hicho alikihamisha kutoka juu kwenda chini. Nikakisoma polepole, na nilipofika mwisho nikarudia kukisoma. Kilisema hapa dukani kila anayeingia anamtazama mkwe na kucheka naye, na yeye anaulizwa bei za fotokopi tu. Kilisema jioni mjukuu miguu ikimuuma anamwita mkwe aje amkande, bibi yake wa damu hamwiti, "utadhani mimi ni karani wa kuajiriwa humu."

Mimi kule kumkanda miguu sikuwahi kukuhesabu kuwa ni kitu. Ananiita, naenda, namkanda, naondoka nikiwa bado naiwaza flashi.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Kumbe sumu hii siinywi peke yangu, tena mwenzangu anaikoroga kwa vidole kumi!

"Mkwe, usisome hiyo," akasema. "Hiyo yangu."

"Nimeshamaliza, mkwe."

"Basi umefurahi."

"Kidogo."

"Huna haya."

"Na wewe una wivu, mwenye cheti."

Alinigeuzia mgongo, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikaogopa. Kumbe anacheka kwa hasira, hicho kicheko cha mtu aliyebanwa. Mjukuu akasema, "Nyie mabibi, mtanizalisha humu humu dukani." Akaifuta ile orodha yote, akakizima hicho kitu kisikusanye tena. Tangazo la mwalimu akalisafisha. Akaingia kwenye imeili akabadilisha neno, sisi wawili tumesimama kama watoto waliovunja mtungi. Halafu akanyoosha mkono. Mkwe akaifungua kamba, akampa flashi. Shingo yake ilibaki na miwani tu. Nilidhani nitaona raha kuiona shingo ile. Raha nilishaimaliza kwenye barua.

Siku hiyo mkwe aliniletea chakula, akakiweka, akaondoka. Kisamvu kimeungua.

Kesho yake mjukuu alikuwa aende kliniki, na safari hiyo walitaka wamlaze siku mbili tatu wamwangalie. Duka lisifungwe, watu wa korosho walikuwa na fomu zao. Akamwita bibi yake chumbani, akafunga mlango. Nikasema moyoni, haya, yale yale, nikashika ufagio. Mkwe akatoka mikono mitupu, uso umemganda. Akasema bila kunitazama, "Unaitwa."

Mimi! Nikaingia. Mjukuu akasema, "Funga mlango, bibi." Nikaufunga. Nimeufunga mimi kwa mkono wangu, niko upande wa ndani, jamani, nilitamani mlango huo uwe mkubwa zaidi nichelewe kuufunga.

Akaniambia, "Neno jipya nimelikata vipande viwili. Cha mbele anacho bibi wa Lulindi. Cha nyuma ni chako. Hakiandikwi mahali, hakikopiwi. Kinakaa kichwani."

"Na ulisema nikikipata nakisimulia?"

"Ukikisimulia hakimsaidii mtu, kinakosa kichwa. Na yeye akikisahau cha kwake mle kwenye kompyuta, kinakosa mkia. Nyie wawili msipokubaliana, duka halifunguki."

Akaninong'oneza sikioni. Nikakirudia mara moja, kikaingia, kikatulia. Akanionyesha vitufe vyake kwenye kibodi ya zamani iliyoharibika, nikavibonyeza mara kumi mpaka vidole vikavijua.

Alipoondoka akaja mtu anataka barua yake iliyotumwa kwenye imeili. Tukatazamana. Mkwe akakaa, akasema, "Geuka ukutani." Nikageuka ukutani, kwenye kalenda. Nikasikia vidole vyake, ta-ta-ta-ta-ta-ta-ta. Saba, mbio mbio. Akainuka. "Zamu yako." Nikamwambia, "Na wewe geuka. Geuka kabisa, hiyo miwani inaona pembeni." Akageuka, ananung'unika. Nikabonyeza. Ta. Nikatafuta. Ta. Mteja akawa anatazama dari kwa heshima. Ta, ta. Ta. Nikapiga kile kitufe kikubwa cha kuingilia.

Ikafunguka! Nilipiga kigelegele mpaka wa duka la pili akaja kuuliza nani amezaa.

"Tuendelee na kazi," mkwe akasema. Lakini alinisogezea kigoda karibu na kiti chake, na alipokuwa anaichapa ile barua aliniuliza, "Hivi yule fisi, kwa nyani walimkubali?"

Nikamsimulia. Ila nilikuwa nasimulia huku nahesabu kichwani. Yeye saba. Mimi tano. Kukata katikati gani huko? Mjukuu aliporudi, hata begi hajaliweka chini, nilimwuliza.

"Bibi, nimechoka," akasema.

"Pumzika, mama. Lakini neno likibadilishwa tena, mimi nataka mbele."

Na mkwe kutoka jikoni, sikumwita wala sikumsemesha, akapaza sauti: "Mbele ni kwangu!"